Kopo la Chai la Mama Sato

Mjukuu wangu Tatu ameajiriwa kwenye hoteli moja ya kifahari Dar es Salaam, na nilipokwenda kumtembelea akanikalisha kwenye kiti laini, hata kuinuka ilikuwa kazi. "Babu, leo wewe ndiye mgeni," akasema. Wakaniletea chai ya alasiri ya Kijapani. Vitamu vidogo vidogo vilikuwa vimepangwa ghorofa tatu, na kando yake kibakuli cha chai ya kijani, imepekechwa mpaka ina povu. Watu wa meza za jirani walikuwa wanaipiga picha kabla ya kuinywa. Nikakishika kibakuli kwa mikono miwili, nikanusa, machozi yakanitoka. Tatu akadhani nimeungua.

Sikuungua. Nilikuwa nimekumbuka jambo. Wenzake Tatu, vijana wa jikoni na ukumbini, walipoambiwa kwamba huyu mzee alikuwa mhudumu wa hoteli Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini, wakanizunguka: "Babu, tuandikie basi yale uliyojifunza!" Haya, wanangu, ninaandika. Mengi ni ya kucheka. Liko moja ambalo si la kucheka, ingawa kila nikilisimulia watu wanacheka, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hoteli yetu ilikuwa jirani na stesheni. Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na moja kwenda Mwanza, kwa hiyo wakubwa wote walilazimika kutua kwetu wakisubiri treni, watake wasitake. Baraza pana, sakafu ya kung'arishwa kwa nta, vitambaa vya meza vyeupe vilivyopigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Siku yangu ya kwanza ukumbini nilimmwagia bwana mmoja supu mapajani, kisha kwa adabu zote nikamwambia, "Karibu tena." Sikufukuzwa kwa sababu yule bwana alicheka mpaka akakohoa.

Aliyenifanya niwe mhudumu wa kweli ni naibu mpishi, Kondo. Yeye wa jikoni, mimi wa ukumbini, lakini alinichukua kama mdogo wake. Alinifundisha kwamba birika lioshwe kwanza kwa maji ya moto, maji hayo yamwagwe, ndipo yaingie majani, na juu yake maji yanayotokota sasa hivi, siyo yaliyotokota ukaenda kupiga soga ukarudi. Trei ibebwe kwa kiganja, siyo kwa vidole, na macho yatazame unakokwenda. Ukiitazama trei, itamwagika. Ukimmiminia mgeni, mtazame mkono na si uso, kwa sababu uso wa mgeni husema "endelea" kwa adabu wakati mkono umeshasogea kuzuia. Ninyi sasa mna vifuko vya majani na mashine ya kubonyeza, lakini mkono wa mgeni haujabadilika. Utazameni huo.

Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Najua siku hizi utani mnausikia harusini tu, basi nieleze kidogo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na kabla hawajaiona bahari walipita Uzaramo. Huko waligombana, wakapatana, wakauguzana, na ndipo ukazaliwa utani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukufichia kiatu, nawe hukasiriki. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Na kubwa kuliko yote, mtani hashtakiwi. Humpeleki kwa jumbe, humpeleki kwa bosi, humpeleki polisi. Mnamalizana wenyewe, mara nyingi kwa jogoo.

Kondo hakuwahi kuniita Maganga. Aliniita Mpagazi. "Mpagazi, mzigo umeuweka wapi?" Mimi nilimwita Mcheza Ngoma, nikimwambia kwamba kwao watu hupika chakula wakisikia ngoma wanakiacha motoni kikaungua. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa mlenda. Mama yangu alikuwa anakaa Ziba, na kila alipokuja mjini aliniletea mlenda wa unga, yale majani yaliyokaushwa yakatwangwa, ukiyatia kwenye maji ya moto yanateleza kama mnavyojua. Kondo alikuwa akiuona anaziba pua. "Chakula cha watu wavivu kutafuna! Naapa, mlenda hautaingia jikoni kwangu mpaka nife." Mimi nikawa natafuta siku ya kumwonyesha.

Basi, miaka hiyo ya baada ya Azimio wakaja Wajapani, wataalamu wa kutafuta maji ya visima vijijini. Mkuu wao, Bwana Sato, alikuja na mkewe. Walikaa kwetu miezi mingi. Mama Sato alikuwa mama mwembamba, wa miaka kama hamsini, hasemi sana, ila alijifunza Kiswahili kwa haraka ya ajabu kwa sababu alikuwa anashinda jikoni. Alikuja kumwomba Kondo maji ya moto, akabaki kumwangalia anavyokata vitunguu, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Akamfundisha vitamu vya kwao. Kondo akachukua kunde, akazichemsha, akazisaga laini, akazikorogea asali ya Ipole, akazivingirisha ndani ya donge la unga wa mchele. Jaribio la kwanza lilikuwa gumu, ungeweza kumpiga nalo mtu kichwani. La tatu, Mama Sato alionja, akafumba macho. Kondo akaniuliza kwa kunong'ona, "Mpagazi, huyu mama anaumwa?" Kumbe alikuwa amekumbuka kwao.

Kazi ya visima ilipokaribia kwisha, Mama Sato akasema anataka kuwaaga wakubwa wa Tabora kwa chai ya alasiri ya kwao, pale barazani kwetu. Meneja alifurahi kupita kiasi. Mpishi mkuu alikuwa amestaafu mwezi huohuo, na nafasi iko wazi. Meneja akamwita Kondo mbele yetu sote: "Shughuli hii ikienda vizuri, Kondo, wewe ndiye mpishi mkuu."

Lazima mwelewe maana ya neno lile. Mpishi mkuu alipewa nyumba nyuma ya hoteli, vyumba viwili na ua. Kondo alikuwa analala kwenye chumba cha wafanyakazi, vitanda vinne, hapaletwi mke. Mkewe Mwanahawa alikuwa Kisarawe na watoto wawili, Zaina na mdogo wake Omari, miaka sita wanamngoja. Siku ile alinishika mkono, akanipeleka kuitazama ile nyumba, mlango umefungwa, tukawa tunachungulia dirishani kama wezi. "Hapa watalala watoto," akasema. "Na hapa uani Mwanahawa atapanda mchicha. Ameniandikia kwamba amechoka, Maganga. Safari hii nikimwambia njoo, atakuja." Hakuniita Mpagazi. Hilo peke yake lingetosha kuniambia kwamba siku ile haikuwa ya kuchezea.

Lakini mimi nilikuwa kijana, na kichwa changu kilikuwa kimejaa vituko.

Mama Sato alikuwa na kopo moja tu la ile chai ya kijani, limebaki la mwisho, limetoka kwao. Ilikuwa unga laini kama poda. Akamkabidhi Kondo alitunze kwenye kabati la jikoni. Asubuhi ya siku yenyewe, Kondo alipokwenda sokoni, nililifungua lile kopo, nikaimimina chai yote kwenye mkebe wa maziwa ya unga, mkebe nikauficha ndani ya sanduku langu la nguo, halafu kopo nikalijaza mlenda wa mama. Kijani kwa kijani. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kondo alikuwa hapitishi kitu bila kukionja. Mchana angelifungua kopo, angeukuta mlenda jikoni kwake baada ya kiapo chote kile, angepiga kelele, sisi tungevunjika mbavu, na ningempa mkebe wake akinipa jogoo. Mchezo ungekuwa umekwisha kabla ya sahani kutoka. Nilikuwa nimewatonya hata wenzangu wawili kwamba saa sita wasikae mbali.

Saa nne meneja akanituma stesheni kupokea mizigo ya wageni wanaotoka Mwanza. Treni ikachelewa. Nikakaa pale kwenye benchi, jua linapanda, treni haiji. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Nilirudi saa tisa na robo nikiwa nakimbia, na meneja yuko mlangoni: "Vaa nyeupe, upesi, wageni wanakaa!" Nikapita jikoni. Kondo alikuwa anapanga vitamu vyake kwenye majani ya mgomba, ametulia, uso umekunjuka kabisa. Hao wenzangu wawili nao wamenyamaza. Nikajisemea, loo, ameshaligundua, amekwenda kufungua sanduku langu akachukua chai yake, na sasa ananinyamazia anajipanga kulipiza. Ndivyo ambavyo mtani hodari angefanya. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza.

Kumbe Kondo hakulifungua kopo. Mama Sato alimwambia chai ile ikipata hewa inaharibika, asilifungue mpaka wakati wake. Na yule mtu ambaye hajawahi kupita kwenye sufuria bila kufunua kifuniko, siku hiyo alijizuia tangu asubuhi mpaka alasiri kwa sababu ya nyumba.

Wageni walikuwa kama kumi na watano. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu wa mjini na kanzu zao, walimu, na mgeni rasmi, mkubwa mmoja mzaliwa wa Nzega, mtu wa kucheka kwa sauti. Vitamu vya Kondo vilipita kwanza. Sijawahi kuona watu wazima wakitazamana vile. Bwana mmoja alikula vitatu akaficha cha nne kwenye leso. Meneja akaninong'oneza sikioni, "Huyu Kondo, huyu!" Nikajaa furaha kama vile nyumba nimepewa mimi.

Kwao Wajapani, mwenye kuwaalika ndiye anayeipekecha chai mbele ya wageni. Mama Sato akapiga magoti kwenye mkeka, mbele yake vibakuli, upekecho mdogo wa mwanzi, na lile kopo. Mimi nimesimama kando yake na birika la maji ya moto. Akafungua kopo. Harufu ikapanda, na nikaijua kabla haijanifika puani. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu Ziba.

Wanangu, nilikuwa na muda. Hapo ndipo nataka mnisikilize. Yule mama alilitazama kopo, akasita, akaniinulia uso. Ningeweza kusema, "Mama, samahani, limebadilishwa, subiri kidogo." Mkebe ulikuwa chumbani kwangu, ni hatua hamsini. Lakini meneja alikuwa ananitazama, wakubwa wananitazama, na ulimi wangu ukafa. Yeye akatia unga kwenye kibakuli, akanyoosha mkono kuomba maji. Nami nikamimina. Mkono wangu huu ndio uliomimina.

Alipekecha, upekecho ukaanza kunyanyuka na nyuzi za utelezi. Alipekecha hivyohivyo, uso haukubadilika, akampa mgeni rasmi kwa mikono miwili. Mkubwa akanywa funda moja. Akakitazama kibakuli. Halafu akaangua kicheko: "Mbona huu ni mlenda! Wallahi huu ni mlenda! Tena hauna chumvi!" Baraza zima likacheka. Mama Sato akachukua kibakuli chake mwenyewe, akanywa mpaka kikaisha, akakiweka chini taratibu. Sijui mpaka leo alidhani ni nini. Nadhani alidhani Kondo alipoteza chai yake akaona haya kusema, naye akaamua kumsitiri.

Meneja hakucheka. Wageni walipoondoka alitukusanya jikoni, mishipa imemsimama. "Hii ni hujuma," akasema. "Tumeaibishwa mbele ya wageni wa serikali. Nani kaligusa kopo? Asiposema hapa, atasema polisi." Nyakati zile hujuma lilikuwa neno zito, mtu akilisikia tu anatetemeka. Niliona Kondo anazungusha macho, anatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliacha. Akajua. Nikaona kabisa amejua.

Nikangoja anitaje. Angenitaja tu ningekubali, naapa. Badala yake akamgeukia meneja.

"Ni mimi, bwana," akasema. "Nilichanganya makopo."

"Wewe? Mlenda umeutoa wapi, wewe mtu wa pwani?"

"Nimezoea huku sasa."

Wale wawili niliowatonya walitazama sakafu. Mimi pia nilitazama sakafu. Sina sababu nzuri ya kuwapeni, niliogopa, basi. Kondo akashushwa kutoka unaibu akapelekwa kuosha masufuria, na mpishi mkuu akaletwa kutoka Mwanza, akaingia kwenye ile nyumba na familia yake. Siku ya kuondoka, Mama Sato alikuja pale kwenye masufuria, akamwinamia Kondo, akampa ule upekecho wake wa mwanzi. Kondo mikono imejaa majivu, hajui aushike vipi.

Nilimfuata stoo baada ya wiki mbili. "Kondo, ni mimi niliyefanya."

"Najua. Nani mwingine mwenye mlenda mzuri hivyo?" Akacheka, kweli akacheka.

"Niende kwa meneja nikaseme?"

"Ukienda nitakukana. Mtani hashtakiwi, Mpagazi, na wala hajishtaki. Lete jogoo."

Nikaleta jogoo. Akampika, tukala wote, na kwa desturi yetu jambo likawa limekwisha. Moyoni mwangu halikwisha. Kwenda kwa meneja ilikuwa inawezekana kabisa, hata angenikana. Nilijificha nyuma ya utani kwa sababu ulinifaa.

Mwaka uliofuata Mwanahawa akaomba talaka kwa barua. Hakuwa mwanamke mbaya. Alichoka kungoja nyumba isiyokuja. Kondo alinipa ile barua nimsomee mara ya pili, kama vile nikisoma mimi maneno yatakuwa mengine. Nilimpelekea majogoo wawili. Akawatazama, akasema, "Mbona siku hizi unanilisha kama maiti?" Mzaha tena. Kila nilipojaribu kuomba msamaha alinirudisha kwenye mzaha, na ndani ya mzaha hakuna mahali pa kupigia magoti.

Mimi nikapanda cheo. Nikawa mkuu wa wahudumu, nikavalishwa koti, nikafundisha vijana wengi trei, birika, mkono wa mgeni, yote yale niliyofundishwa naye. Yeye aliacha hoteli, akajenga kibanda Itetemia, akawa anachoma maandazi asubuhi. Zaina na Omari walikuwa wanakuja likizo, wiki mbili, wanarudi kwa mama yao. Tulizeeka tukitembeleana kila Ijumaa na kutukanana. Mara moja tu, tumekaa uani kwake, watoto wa jirani wanacheza, alisema bila kunitazama, "Ningependa Zaina angekulia hapa, Maganga." Nikafungua mdomo. Akanyanyuka, akaenda kusukuma kuni.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Zaina alifika asubuhi kutoka Kisarawe, mtu mzima sasa, ana watoto wake, Omari bado yuko njiani. Kwa desturi, msibani mtani ndiye anayepewa kazi ya kuwachangamsha wafiwa. Huzuia jeneza, humtukana marehemu, hudai chake, watu wanacheka kidogo ndipo wanapata nguvu ya kuzika. Watani wengine walikwisha fanya vituko vyao. Mzee mmoja akaniita, "Maganga! Mtani mkubwa ni wewe, mbona umejikunyata? Simama useme!"

Nikasimama. Niliwaza, leo hayupo wa kunikana. Nikasema yote. "Huyu Mzaramo alikuwa awe mpishi mkuu, awalete mke na watoto Tabora. Nyumba aliikosa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyetoa chai ya Mjapani nikatia mlenda. Yeye akasema ni yeye, nami nikanyamaza, mpaka akazeeka peke yake."

Halafu mtu mmoja nyuma akapasuka, "Mlenda kwa Wajapani!" na ua mzima ukacheka. Wanawake wakapiga makofi. Nikasema, "Sifanyi utani, jamani, ni kweli," wakacheka zaidi, maana hivyo ndivyo mtani hodari anavyosema. Zaina alikuwa anacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Akaja akanishika mkono.

"Ahsante sana, baba. Tangu nipate simu ya msiba sijacheka."

Wakati huohuo Omari akaingia uani, ameshika mfuko, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Zaina akamvuta akamkalisha kwenye mkeka karibu nami.

"Baba Maganga," akasema, "rudia ile ya mlenda, mdogo wangu hakuisikia."

Nikairudia.